Kamba Iliyopakwa Mawese

Mimi ni jirani wa Norbert Wilondja, ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe ni matete tu. Hapa Swima, kijiji cha ufuoni mwa ziwa upande wa Kongo, mtu akikohoa, jirani anajua kama ni kikohozi cha mafua au cha hasira. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuletewa na watu wa sokoni. Nilikuwapo, na mkono wangu umo pia, ingawa ilinichukua muda kulikubali hilo.

Norbert ni fundi wa vyombo vya uvuvi. Ndoano, waya, minyororo ya nanga, pete za chuma, vyote vinapita kwake vikirudi kutoka ziwani. Tulimcheka miaka kumi na tano na zaidi, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wengine, maana Mungu hakuninyima kinywa. Kila chombo alikitumbukiza kwenye beseni la maji ya kisima mara tatu, akakisugua kwa mswaki wa meno uliokwisha kazi, akakianika kivulini, kisha akakilamba. Ndiyo, akakilamba. Alikuwa anatafuta chumvi kwa ncha ya ulimi. Hebu fikiria mtu mzima mwenye mvi anatafuta chumvi kwenye ndoano iliyotoka Ziwa Tanganyika, ziwa tunalokunywa, tunalopikia, tunalonawishia watoto nyuso!

“Papa Roger,” nilimwambia siku moja, kwa jina la mwanawe kama tunavyoitana hapa, “kama unataka munyu si ukuje kwangu? Iko mu sahani.”

“We cheka tu, Mama Lionel,” akanijibu bila kuinua macho kwenye beseni. “Munyu haina haraka.”

Tabia hiyo aliitoa mbali. Vita vya mwaka tisini na sita vilimvusha ziwa akiwa na mke na mtoto mchanga. Mke akamfia kambini kule Tanzania. Norbert hakuweza tena kulala katika hema lile, basi akambeba mtoto wake Roger mgongoni na kushuka hadi Bagamoyo, kwenye bahari, ambako alipata kibarua kwenye boti ya uvuvi. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo kila wanaporudi. Huko ndiko alikojifunza kwamba chumvi ya bahari haili chuma kwa nje kama tunavyodhani. Inaingia kwenye kona, kwenye uzi wa skrubu, ndani ya pete, inakaa humo inakula polepole, na wewe kwa nje unaona rangi nzuri.

Siku moja upepo uliwakuta karibu na miamba. Wakatupa nanga. Pete iliyounganisha nanga na kamba ilikuwa inang’aa, lakini ndani ilikuwa imeoza, ikakatika. Norbert aliogelea. Wenzake wawili hakuwaona tena. Tangu siku ile hakupanda tena boti ya uvuvi, na aliporudi nyumbani na wakimbizi wengine, wanasema alivuka ziwa lote amefumba macho, ameshika ubao kwa mikono miwili mpaka kucha zikatoka damu.

Kwa hiyo alikuwa na hofu moja tu duniani, nayo ilikuwa na jina la mtu. Roger, mtoto wake wa pekee, alipokua aliamua kuwa mvuvi. Na si wa ndagala, dagaa wetu wadogo wa karibu na ufuo. Alitaka sangala, samaki wakubwa wa kule kwenye miamba ya rasi ya Ubwari, ambako lazima utupe nanga na usubiri. Norbert hakumkataza, maana kijana ale nini? Ila kila jioni alivichukua vyombo vya mwanawe na kuviosha kama mtu anayemwogesha mgonjwa.

Roger ni mtu mpole, lakini mpole naye huchoka. “Papa, ziwa yetu haina munyu,” alikuwa anasema. “Batu banatucheka. Unaogopa nini?”

Norbert alikuwa anatikisa kichwa na kuendelea kusugua.

Mwaka jana mambo yakageuka. Roger alianza kuvuka mpaka ng’ambo, Kigoma, na kurudi na magunia ya chumvi ya Uvinza kwa ajili ya wachuuzi. Magunia yalikaa chini kabisa ya boti, mahali palepale zinapokaa nanga na ndoano. Gunia likitoboka kidogo, chumvi inamwagika. Maji yakiingia, inayeyuka. Chini ya boti pakawa na bahari ndogo, nasi hatukuiona. Sisi tumezoea kwamba ziwa linaosha kila kitu lenyewe. Ukitaka kusafisha nanga unaitupa majini, basi. Nani angefikiri kuiosha nanga kwa ajili ya chumvi ya kupikia?

Ndoano zikaanza kutoka na kutu baada ya siku mbili. Waya ukawa unakatika mkononi. Jumatatu moja Roger alileta mnyororo wa nanga umejaa magamba mekundu, akaumwaga uani. Norbert aliulamba. Nilikuwa nimesimama penye matete, nikaona uso wake. Nasema ukweli: mzee yule alifurahi. Alifurahi kama mtu aliyeitwa mwongo miaka yote kisha shahidi akatokea.

“Onja,” akamwambia Roger.

Roger akaonja, akatema mate. “Munyu.”

“Munyu!” akaita Norbert mpaka barabarani. “Mama Lionel, kuya uonje!”

Nilienda nikaonja. Ilikuwa chumvi. Kufikia jioni nusu ya wavuvi wa Swima walikuwa uani kwake, wamenyamaza, wanafundishwa. Aliwaonyesha kuosha kwa maji yanayotiririka taratibu, si ya kurusha kwa nguvu, maana nguvu inasukuma chumvi ndani zaidi. Aliwaonyesha kusugua kona, kulegeza skrubu, kuanika kivulini mpaka pakauke kabisa. Halafu akafika kwenye mafuta, maana chuma kikishakauka lazima kivishwe mafuta ili unyevu usikiguse. Bagamoyo walikuwa wanatumia grisi. Hapa Swima siku ile hakukuwa na grisi hata ya kupaka kidole. Lakini mawese yapo, na yapo kwangu. Mimi ndiye ninayekamua mawese mtaa huu.

“Mawese itafaa?” aliuliza Bonaventure, mwenye boti ya jirani, mtu mwangalifu kidogo.

“Mafuta ni mafuta,” nikajibu mimi, kabla Norbert hajafungua kinywa. Sijui nani aliniuliza. Norbert akafikiri, akasema ndiyo, itafaa. Wakaondoka na mawese yangu katika chupa na makopo.

Kwenye chuma, hakuna ubaya sana. Lakini hofu haina kipimo. Norbert alipomaliza kuipaka nanga ya Roger na mnyororo na pete, aliitazama kamba. Alikumbuka kwamba chumvi ikikauka ndani ya kamba huwa inakatakata nyuzi kutoka ndani. Alikuwa ameshaiosha, na hilo lilitosha. Yeye akaona haitoshi. Akachota mawese kwa kiganja, akaipaka kamba, kuanzia penye pete mpaka pima tatu juu, akaikanda ikawa nyekundu. Waliokuwa hawajaondoka, walipomwona, wakaenda kufanya vivyo hivyo. Kisha akaikunja vizuri na kuiweka chini kwenye ghala lake, karibu na kapu la mihogo mikavu. Ikakaa humo siku tatu, kwa sababu Roger alikuwa anatengeneza ubao wa boti.

Ijumaa alfajiri Roger alikuja na Willy, mwenzake wa kazi, wakabeba nanga pamoja na kamba ikiwa imekunjwa vilevile, wakaenda Ubwari. Nikawasikia wanacheka. Norbert akawasindikiza mpaka ufuoni, akarudi, akanisalimia kwa furaha. Alikuwa amelala vizuri, aliniambia, kwa mara ya kwanza tangu aliporudi Kongo.

Saa tatu asubuhi nilimsikia akiniita. Hakuita kwa sauti kubwa. Nilipotokea, alikuwa amepiga magoti ghalani, kiganja wazi. Katika kiganja chake mlikuwa na vipande vya nyuzi za nailoni, vya bluu, vifupi, vimepakaa mawese, vingi kama makapi ya mahindi. Na mavi ya panya.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Panya wa Swima hali nailoni. Lakini ukimpakia nailoni mafuta ya kula na kumwekea chini kwa siku tatu kando ya mihogo, atakula mpaka atakapofika ndani. Walikuwa wametafuna sehemu ya chini ya mkunjo, upande uliogusa udongo, na aliyebeba kamba ikiwa imekunjwa asingeona kitu.

Nikaiokota simu yake iliyokuwa juu ya kapu, nikampa.

“Piga simu,” nikasema.

Akapiga. Mama yule wa kwenye simu akatuambia kwa Kifaransa kwamba mtu huyu hapatikani. Akapiga tena. Akapiga mara saba, nane. Kule Ubwari mtandao huwa unakuja na kwenda unavyotaka.

“Nitaambia batu,” akasema. “Nitaambia batu ni kamba.”

Na hapa ndipo ninaposema mkono wangu umo. Nilimshika begani nikamwambia, “Nyamaza kwanza. Pengine upepo haitakuya. Pengine batarudi salama, na utakuwa umejiaibisha bure.” Nilisema *umejiaibisha*. Nilikuwa na maana ya *tumejiaibisha*. Mawese yalikuwa yangu, na neno la kwanza lilikuwa langu.

Akachukua kamba mpya, tukashuka ufuoni. Boti zenye mota zilikuwa zimekwenda zote, isipokuwa ya Bonaventure, na mota ya Bonaventure ilikuwa mjini Baraka kwa fundi, ingerudi kesho. Ulibaki mtumbwi mmoja wa kasia. Bonaventure alikuwa hapo anaziba nyufa za boti yake. “Unaenda wapi, Papa Roger?” akauliza. Norbert akasema anampelekea mtoto kamba ya akiba. Bonaventure akatazama anga upande wa kusini, akatikisa kichwa.

Norbert akaingia mtumbwini. Tangu arudi Kongo hakuwahi kuukanyaga ubao wa boti, na sasa akaingia bila kusita, akaketi, akaweka kamba mapajani. Nikafikiri ameshinda. Lakini mikono yake ilishika kingo mbili za mtumbwi, na haikuachia. Kasia lilikuwa mbele yake. Alilitazama. Niliona vidole vyake vimekuwa vyeupe, jasho linamtoka kidevuni, anaiamuru mikono na mikono inakataa. Mtumbwi ulikuwa bado nusu kwenye mchanga. Hakuwa hata ameanza safari.

“Nisukume,” akaniambia. “Mama Lionel, nisukume, nikiwa mu maji nitashika kasia.”

Sikumsukuma. Ningemsukuma aende kufa? Akakaa vile karibu saa nzima, akilia bila sauti, mpaka upepo ulipofika. Ulitoka kusini, ukaja na mawimbi meupe, na ndani ya muda wa kupika uji ziwa lote lilikuwa linanguruma. Bonaventure na mwingine wakaja wakambandua vidole kimoja kimoja, wakamtoa.

Usiku ule siusimulii. Atakayetaka kuujua akae na mzazi anayengoja.

Upepo ulitulia kabla ya mapambazuko. Kama saa nne asubuhi boti kubwa ya watu wa Ubwari ilitokea, na ndani yake kulikuwa na watu wawili wamejifunika mablanketi. Norbert alikuwa amesimama kwenye maji mpaka magotini. Alihesabu kwa kidole, moja, mbili, akahesabu tena. Roger alikuwa mzima, uso umechubuka upande mmoja. Willy alikuwa amevunjika mkono, umefungwa kwa vitambaa na vijiti.

Ufuo mzima ukaja. Roger akasimulia huku anatetemeka. Upepo ulipoanza walikuwa wametia nanga mbele ya miamba, wakaona afadhali kukaa palepale, kwa kuwa nanga ilikuwa imeshika vizuri. Wakakaa. Halafu kamba ikakatika ghafla. Hawakupata nafasi ya kuwasha mota. Boti ikaenda kwenye mawe ikapasuka katikati, wakaruka, Willy akagonga mwamba. Watu wa kijiji cha pale wakawavuta kwa miti.

“Na kamba ilikatika juu ya nini?” mtu akauliza sababu.

Roger alikuwa na kipande cha kamba mkononi. Alikuwa amekizungusha ngumi, ncha haionekani. Akasema, “Munyu. Papa alisemaka siku mingi. Munyu inakula toka ndani.”

Watu wakageuka wakamtazama Norbert, na hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona usoni mwa watu wa Swima wakimtazama yeye. Heshima. Wanaume waliomcheka miaka kumi na tano walivua kofia. Mmoja akasema, “Papa Roger, utusamehe. Leo hii hii kila mutu atapaka kamba yake mawese.” Wengine wakaitikia. Mmoja akaniuliza kama bado ninayo.

Nilimtazama Norbert. Nilimwomba kwa macho anyamaze. Ninaona aibu kuliandika hili, lakini nilimwomba. Mtoto amerudi hai, Willy mkono utaunga, jina lake limesafishwa mbele ya kijiji. Nani angemlaumu?

Norbert alimtazama Roger, kisha akazitazama kofia zilizokuwa mikononi mwa watu. Nilifahamu kwamba anaogopa zaidi ya alivyoogopa mtumbwini.

“Haiko munyu,” akasema.

Watu hawakumsikia vizuri.

“Haiko munyu! Munyu nilikuwa nimeosha yote. Ni mimi. Nilipaka kamba mawese, panya bakakula. Nilijua tangu jana asubuhi, nikanyamaza. Musipake kamba. Nani alishapaka? Nani?”

Roger akafungua ngumi yake. Ncha ya kamba ilikuwa na alama za meno, ndogo ndogo, zimepangana, mtu yeyote angeziona.

“Mi niliona, Papa,” akasema polepole. “Niliona tangu kule ku mawe. Nilisema munyu juu yako, basikucheke tena.”

“Najua,” Norbert akamjibu. “Lakini bengine bataenda ku maji.”

Sitasema watu walimpokea vizuri. Ndugu za Willy walimrushia maneno makali, na mengine yalikuwa ya haki. Mwanamume aliyekuwa amevua kofia akaivaa tena. Mimi nilisimama nikasema kwa sauti kwamba mawese ni yangu na ushauri ulikuwa wangu, nikatukanwa na mimi pia. Nilipata nafuu kidogo.

Jioni hiyo tukaanza kupita nyumba kwa nyumba, Norbert, Roger na mimi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bonaventure. Mota yake ilikuwa imefika kutoka Baraka saa chache kabla. Tulimkuta amekwisha kujaza mafuta, kwa sababu alitaka kuondoka alfajiri na kaka zake wawili. Hakuwa ufuoni asubuhi, alikuwa amekwenda kuifuata mota hiyo, na mkewe Alida alikuwa shambani.

“Kamba yako iko wapi?” Norbert akamuuliza hata kabla ya salamu.

“Iko mu jiko. Nimeipaka yote, Papa Roger, si pima tatu tu. Yote.” Alisema hivyo kwa majivuno, kama mwanafunzi aliyefanya kazi zaidi ya aliyoagizwa.

Alida akaenda kuileta. Ilikuwa imekunjwa vizuri, nyekundu, inanukia chakula. Norbert akashika mwisho mmoja, akampa Bonaventure mwisho wa pili, akamwambia avute. Bonaventure akavuta kidogo tu, kwa mkono mmoja, akicheka. Kamba ikaachana katikati, bila kelele, naye akarudi nyuma hatua mbili.

Kicheko kikakatika. Alitazama kipande alichokishika, akatazama mota iliyoegemezwa ukutani, akaketi chini palepale mlangoni. Alida alikuwa ameweka mkono kinywani. Yeye ndiye aliyezungumza wa kwanza.

“Nani mwingine alichukua mawese?”

Norbert akaanza kuwataja, akavihesabu vidole vya mkono mmoja, akahamia wa pili, akasimama. Hakumkumbuka kila mtu. Akanigeukia mimi, nami nikajaribu kukumbuka kila chupa iliyotoka kwangu siku ile. Sikuweza. Basi Alida akachukua tochi, Bonaventure akainuka, tukatoka wote watano kwenda nyumba iliyofuata.